Ramani ya Fleti na Maji ya Mvua: Dalili za Makosa na Pa Kuyatafuta

Faili la mradi wa fleti likifika mezani, kurasa za mbele huwa nzuri: jengo la ghorofa nne, balkoni, minazi iliyochorwa kwa kompyuta, gari jeupe getini. Ramani za maji zimewekwa nyuma kabisa, karatasi mbili tatu zenye mistari ya buluu na mishale. Anzia huko nyuma.

Mwongozo huu ni wa anayetakiwa kuzipitia ramani hizo kabla kibali hakijatoka: mhandisi kijana wa manispaa, mjumbe wa kamati ya shehia aliyeombwa maoni, mshauri wa benki, hata mnunuzi anayetaka kujua fleti yake ya chini itakuwaje mwezi wa Aprili. Si lazima uwe umesomea mitaro. Unahitaji kalkuleta, rula, na kiburi kidogo cha kutoamini mshale kwa sababu tu umechorwa.

Katika ramani nilizopitia Unguja, makosa makubwa mara chache huwa katikati ya kiwanja. Katikati watu wamepashughulikia. Makosa yako pembeni, kwenye uzio, pale mchoraji alipoacha kuchora na maji yakaendelea na safari yao. Kwa hiyo karibu kila dalili hapa chini itakurudisha ukingoni: maji yanaingilia wapi, na yakitoka yanakwenda kwa nani.

Hakikisha kwanza faili lina upimaji wa ardhi ilivyo sasa, leveli za mwisho (vimo vya ardhi na sakafu) baada ya ujenzi, ramani ya mitaro pamoja na mikato yake ya urefu (michoro inayoonesha mtaro kwa ubavu), hesabu za mvua, na taarifa ya udongo. Kikikosekana kimoja usianze kukisia. Lirudishe faili.

Dalili: namba za leveli hazisemezani

Sakafu ya chini imeandikwa 100.45. Karatasi ya barabara, iliyotoka kwa mtu mwingine, inasema lami mbele ya geti iko 7.20. Karatasi ya tatu, ya mpima aliyekuja na chombo cha setilaiti, imejaa alama za kutoa: −20.3. Anayepitia kwa haraka hudhani mmoja wao amekosea. Huenda wote watatu wamepima vizuri, ila kila mmoja ana sifuri yake.

Wa kwanza amepigilia msumari kiwanjani na kuuita 100, jambo la kawaida kabisa kwenye kazi ndogo. Wa pili amefuata wastani wa usawa wa bahari. Wa tatu ameacha urefu kama chombo kilivyoutoa, na kwenye pwani yetu hii sifuri ya setilaiti iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 20, ndiyo maana kiwanja cha Mbweni kinaweza kusomeka kama kipo chini ya bahari. Sifuri ya nne imejificha kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa: lenyewe huhesabu kutoka kwenye maji yaliyokupwa sana. Bamvua (maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) ya mita 4 kwenye jedwali, kwa hiyo, ni karibu mita 2 tu juu ya wastani wa bahari. Mtu akichukua ile 4 na kuilinganisha moja kwa moja na leveli ya mtaro wake, ama atajenga ukuta usiohitajika, ama, akichanganya kinyume chake, bahari itamtembelea chemba kwa chemba.

Dai sifuri moja kwa karatasi zote, na alama ya kudumu iliyowekwa kwenye kitu kisichobomolewa: kichwa cha kalavati la barabara kuu, msingi wa nguzo ya zege. Nimewahi kuona alama imetiwa kwenye mwembe ambao ramani hiyohiyo inaonesha utakatwa.

Dalili: mistari ya konta inakatika kwenye uzio

Hii ndiyo dalili kubwa kuliko zote, na ndiyo nyepesi kuiona. Weka ramani ya upimaji mezani. Konta, mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, zinapita vizuri ndani ya kiwanja, zikifika kwenye mpaka zinakatika kama mkate uliokatwa kwa kisu, na nje ni karatasi nyeupe tupu. Mpima alilipwa apime kiwanja, akapima kiwanja. Lakini maji yatakayoingia hayatoki kwenye kiwanja.

Wanaotoka bara husema Unguja ni tambarare. Aliyetembea kwa miguu kutoka Amani kwenda Mwanakwerekwe anajua kwamba upande wa magharibi ardhi inapanda na kushuka taratibu, matuta na mabonde, na mabonde mengine hayana mlango. Maji yanaingia, hayatoki. Yanangoja jua na ardhi iyanywe. Mwanakwerekwe na Sebleni watu wamezoea kuona madimbwi ya masika, na si kwa bahati mbaya: hapo ndipo ardhi ilipoyakusanya maji tangu zamani, kabla nyumba hazijafika. Mitaro mikubwa iliyojengwa mjini chini ya mradi wa huduma za miji, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia, ilikwenda kutafuta mabonde kama hayo na kuyapatia njia ya kufika baharini.

Sasa kiwanja cha fleti kikiwa kwenye mkia wa bonde la namna hiyo, ramani iliyokatwa ukutani haitakwambia. Itakuonesha ardhi inayoteremka sentimita chache kuelekea kusini, basi. Haitakuonesha kwamba upande wa kaskazini kuna mtaa mzima unaoshusha maji yake kupitia uchochoro unaoishia hasa pale panapokwenda kujengwa ukuta wa mita 2.4 wa tofali.

Namna ya kuthibitisha ni mbili, na zote zifanywe. Ya kwanza ni ya karatasi: dai upimaji uendelee nje ya mpaka, mita 30 hadi 50 upande wa juu na kufuata mkondo upande wa chini mpaka unapofika kwenye mtaro, bonde au bahari. Ya pili ni ya miguu. Nenda kiwanjani, zungumza na aliyekaa hapo miaka mingi, umuulize masika maji hukaa wapi. Usimuulize kama pana mafuriko, maana atakujibu "hapana, ni maji tu." Muulize watoto hupita wapi kwenda chuoni mvua ikinyesha. Bibi mmoja alinijibu, akinionesha kwa kidole pahala ambapo ramani ilichora ngazi za kuingilia: "Hapo mwanangu masika hupiti ila uvue viatu." Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko hesabu zote za mvua zilizokuwemo kwenye faili.

Angalia pia kuta za majirani. Mstari wa matope uliokauka kwenye plasta, rangi iliyobabuka kwa urefu uleule nyumba tatu mfululizo, mlango ulioinuliwa kizingiti kwa zege baada ya nyumba kwisha: hizo ni kumbukumbu za maji zilizoandikwa na wenyewe. Zipime kwa rula, uzitie kwenye leveli ya kiwanja.

Ikithibitika kuwa maji ya juu yanapita hapo, sababu ya kosa haina siri: mchoraji alihesabu mvua inayonyesha ndani ya uzio peke yake. Tiba ni kuyapa maji ya wengine njia yao, mtaro wa kukinga pembezoni unaoyapokea kabla hayajafika kwenye jengo na kuyazungusha, bila kuyachanganya na maji ya paa na maegesho. Ukuta usio na matundu si tiba. Ukuta huo utageuka bwawa la jirani wa juu kwa masika moja, na masika ya pili utaanguka.

Dalili: mtaro unaonekana mdogo, lakini hesabu inasema unatosha

Fanya hesabu mwenyewe. Ni mstari mmoja.

Chukua kiwanja cha mfano cha hekta 0.8, yaani kama ekari mbili. Kabla ya ujenzi kina minazi, majani na udongo unaokunywa. Tuseme robo tu ya mvua ndiyo inayotiririka, 0.25. Baada ya ujenzi ni paa, lami na vitofali vya pevingi, inatiririka 0.8. Mvua ya kusanifia tuiweke milimita 100 kwa saa, kiwango ambacho si cha ajabu kwa dakika chache za mvua kali ya masika. Zidisha 2.78 (namba ya kugeuza vipimo tu) kwa mgao wa kutiririka, kwa kasi ya mvua, kwa hekta; unapata lita kwa sekunde. Kabla: karibu lita 56. Baada: karibu lita 178. Ardhi ni ileile, mvua ni ileile, na maji yanayotoka yamezidi mara tatu.

Sasa tazama bomba la kutokea. Bomba la zege la milimita 300 kwenye mteremko wa asilimia 0.5, likiwa safi, hupitisha karibu lita 68 kwa sekunde. La milimita 450 kwenye mteremko huohuo hupitisha karibu lita 200. Ukiona 300 imechorwa kwenye kiwanja cha namna hii, mojawapo ya mambo haya limetokea, na yote nimeyakuta:

Mhesabu ametumia mvua ya mwezi au ya mwaka. Unguja hupata karibu milimita 1,600 kwa mwaka na Pemba zaidi ya hapo, na namba hizo hupendeza kwenye utangulizi wa ripoti, lakini hazifai kusanifia mtaro. Mtaro hauzidiwi na mwaka. Unazidiwa na dakika kumi na tano.

Au amehesabu paa peke yake na kusahau maegesho. Au ameandika kwamba pevingi hunywa maji kama majani kwa sababu ina viungo vya mchanga, wakati kila mtu anajua viungo hivyo vikishajaa vumbi na mafuta ya gari, pevingi inamwaga karibu kama lami. Au, na hii ni ya werevu, ameandika kwamba ardhi ilikuwa ngumu tangu mwanzo, hivyo ongezeko ni dogo na bwawa la kuhifadhi halihitajiki. Picha ya angani ya miaka iliyopita itakuonesha kama palikuwa na sakafu au mihogo.

Kama mtaro wa nje hauwezi kupokea zaidi ya zile lita 56 za zamani, tofauti ya lita 122 kwa sekunde lazima ikae ndani ya kiwanja kwa muda. Kwa makadirio ya haraka, mvua hiyo ikidumu nusu saa ni karibu mita 220 za ujazo. Bwawa la kina cha mita 1 litahitaji mita 11 kwa 20. Tafuta nafasi hiyo kwenye ramani. Mara nyingi haipo, kwa sababu imeshachorwa kuwa maegesho ya magari kumi na manane. Hapo ndipo mazungumzo na mwenye mradi yanapoanza kuwa magumu, na afadhali yawe magumu sasa.

Dalili: mshale unateremka, namba hazitaki

Mishale huchorwa na kijana wa kompyuta. Leveli ndizo zinazobeba maji. Fuata bomba chemba kwa chemba, usome kitako cha bomba, yaani sehemu yake ya ndani ya chini, si kifuniko cha chemba.

Mfano: chemba namba 4, kitako 5.62. Chemba namba 5, kitako 5.60. Umbali kati yao mita 24. Mshale umekolezwa vizuri kuelekea namba 5. Lakini milimita 20 ndani ya mita 24 ni chini ya asilimia 0.1. Kwa asilimia 0.5 tungehitaji milimita 120. Bomba hili halitaziba siku ya kwanza. Maji yatatambaa ndani yake, mchanga wa barabarani utatua, na vuli moja tu itatosha kulijaza nusu. Kwetu mchanga ni mwingi, mitaro yenye maji ya polepole huwa makaburi yake.

Sababu huwa moja: anayesanifu alianza na leveli ya mwisho ya kutolea maji, akakuta hana kimo cha kutosha, akagawa kidogo alichokuwa nacho kwa chemba zote ili kila moja ipate "mteremko." Kulazimisha bomba moja kuteremka hakusaidii. Ama kiwanja kiinuliwe upande wa juu, ama njia ya bomba ifupishwe, ama bomba liachwe na badala yake uwekwe mtaro wenye mifuniko, ambao mtu wa kawaida anaweza kuusafisha kwa koleo.

Ukishamaliza mabomba rudi juu ya ardhi. Pembezoni mwa jengo udongo uteremke kutoka ukutani angalau sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Kwenye sakafu ngumu asilimia 2 inatosha. Maegesho yakiwa chini ya asilimia 1, maji yatatuama na mbu watashukuru. Tafuta mahali ambapo leveli nne zinazozunguka zote ziko juu kuliko ya katikati na hapana tundu la maji katikati hapo. Kama tundu lipo, jiulize likiziba kwa mfuko wa plastiki maji yatapanda mpaka wapi kabla ya kupata njia nyingine. Jibu likiwa "mpaka mlangoni," leveli zibadilishwe. Kila tundu litaziba siku moja.

Mlango nao una ugomvi wake. Sakafu inatakiwa iwe juu ya ardhi ya nje, milimita 150 ndiyo desturi, na mtu wa kiti cha magurudumu anatakiwa aingie bila ngazi. Wachoraji wengine wanatatua kwa kuishusha sakafu isawazike na nje, na mvua ya upepo wa kusi inaingia sebuleni. Ipo njia isiyomuumiza yeyote: njia ya mteremko isiyozidi 1 kwa 12, kituo kilicholala kidogo mbele ya mlango, na mfereji mwembamba wenye wavu wa chuma uliokata kizingiti kwa upana wote.

Dalili: mtaro unafika kwenye alama "mtaro uliopo" na ramani inanyamaza

"Mtaro uliopo" ni maneno mawili yenye hatari kubwa. Upo, ndiyo. Una kina gani? Ni wa nani? Una nafasi? Nenda ukautazame, ikiwezekana mvua inanyesha. Ukikuta umejaa mpaka ukingoni kwa maji ya mtaa peke yake, fleti mpya haina pa kumwaga hata kama bomba lake ni zuri. Dai barua ya anayeumiliki mtaro huo, iwe manispaa au wizara ya barabara, inayotaja kiasi cha maji kinachoruhusiwa kwa lita kwa sekunde. Barua inayosema tu "hatuna pingamizi" haitakusaidia Aprili.

Kiwanja kikiwa karibu na pwani, mtaro unaishia baharini na hapo bahari ina saa zake. Bamvua za Unguja, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na kwa upande wa mjini maji makuu huja alasiri na alfajiri. Mdomo wa mtaro ulio chini ya maji makuu unafungwa na bahari kwa saa kadhaa, mara mbili kwa siku. Mvua ikipiga katika saa hizo, kila kilichoandikwa kwenye hesabu za bomba kinasimama: bomba limejaa, halina pa kwenda. Dalili ya mchoraji aliyesahau jambo hili ni kukosekana kabisa kwa mstari wa maji ya bahari kwenye mkato wa urefu wa mtaro. Mwambie auchore. Mara nyingi akiuchora, mwenyewe ataona kinachofuata: mlango wa bawaba mdomoni unaozuia bahari kurudi ndani, na hifadhi ya kuyangojesha maji ya mvua mpaka maji yakupwe. Mlango bila hifadhi ni nusu ya kazi, kwa sababu bahari itabaki nje lakini mvua nayo itabaki ndani.

Mji wenyewe una historia ya jambo hili. Kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo palikuwa na mkono wa bahari uliojaa na kukupwa, kabla haujafukiwa. Ardhi ya Darajani na viwanja vyake si mlima, na maji bado yanaikumbuka njia.

Dalili: kila kitu kinaingia kwenye shimo la kunyonya

Ukiona mashimo ya kunyonya yamepangwa kila kona na hapana bomba la kutokea, fungua taarifa ya udongo. Wakulima wa visiwani wameshatugawia ardhi kwa majina yanayotosha kuanzia: kichanga na kinongo hunywa, kinamo, ule udongo mzito wa mabondeni unaopandwa mpunga, haunywi, maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe ya mashariki na kusini, hunywa kupita kiasi.

Kwenye kinamo kosa linajionesha haraka: shimo linajaa mvua ya kwanza na kubaki limejaa. Uliza jaribio la kunyonya lilifanyika mwezi gani. Likiwa limefanywa Januari, ardhi imekauka na maji ya chini yameshuka, basi lirudiwe au matokeo yapunguzwe sana. Shimo linalofika kwenye maji ya chini si shimo la kunyonya tena, ni kisima.

Kwenye maweni kosa halionekani, na kwa hiyo ni baya zaidi. Maji yanatoweka kwa kishindo, mwenye mradi anafurahi. Yamepita kwenye nyufa na mapango ya mawe bila kuchujwa na udongo, pamoja na mafuta ya maegesho na chochote kilichovuja kutoka kwenye makaro ya vyoo, na yanaweza kutokea kwenye kisima cha kijiji. Maji tunayokunywa Unguja kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi hiihii. Dai maegesho yapitishwe kwenye chemba ya kutenganisha mafuta na kutuza mchanga kabla ya shimo, shimo liwe mbali na misingi, mita 5 kwa uchache, na mbali zaidi na karo na visima. Maji yanayokimbia ndani ya matumbawe huweza pia kupanua tundu lililokuwa dogo, chini ya nguzo ya jengo.

Na bomba la paa lisiingie kwenye karo kamwe. Nalisema kwa sababu bado linachorwa.

Dalili: kiwanja kimeinuliwa, jirani hakuinuliwa

Kifusi cha mita 1 kinatatua matatizo ya mwenye fleti na kuyahamishia kwa wa upande wa pili. Linganisha leveli mpya ya mpakani na sakafu za nyumba zote zinazopakana, si ardhi yao tu. Sakafu ya jirani ikiwa chini ya kifusi kipya, lazima pawe na mtaro ndani ya mpaka wa mradi, na ukuta wa kushikilia kifusi uwe na matundu yanayomwaga kwenye mtaro huo, yasimwage uani kwa mtu. Kama kifusi kimeziba bonde lililokuwa likihifadhi maji ya mtaa, ujazo uliopotea urudishwe pengine ndani ya kiwanja. Haya yote yaonekane kwenye tathmini ya mazingira, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar ya 2015 imeiwekea utaratibu. Tathmini inayozungumzia ajira na vumbi kurasa arubaini, na majirani wa chini aya moja, irudishwe.

Ukiwa Pemba

Chake, Wete na Mkoani shida hugeuka. Mteremko upo tele, ardhi ni vilima na mabonde, na udongo ukishavuliwa majani hushuka na mvua kama uji. Hapa usitafute sana bomba lililolala. Tafuta maji yanayokimbia mno. Mtaro wa mteremko mkali usio na ngazi za kuyavunjia nguvu utachimbwa chini na kupinduka. Kilima kilichokatwa wima nyuma ya jengo bila mtaro juu yake kitakuja chumbani.

Soma ratiba ya ujenzi pamoja na ramani. Kusafisha kiwanja chote Machi ni kuupeleka udongo kwenye mpunga wa watu bondeni na baadaye kwenye mikoko. Kazi ya ardhi ianze baada ya masika, kwa vipande, na bwawa la kutuza matope lichimbwe kabla ya kitu kingine chochote.

Dalili: chemba iko ndani ya bustani ya mtu

Fleti huuzwa moja moja, na Zanzibar ina sheria ya kondominiamu tangu 2010. Tandika ramani ya mauzo juu ya ramani ya mitaro. Ukikuta chemba kuu au bwawa la kuhifadhi limeangukia kwenye eneo la mwenye fleti namba moja, atalifunika kwa vigae, na hutampata siku ya kuzibua kwa sababu anakaa Muscat. Mitaro yote ikae kwenye eneo la pamoja, gari la kuzibulia liwe na njia ya kufika, na usafishaji kabla ya masika na kabla ya vuli uandikwe kwenye gharama za pamoja za wakaazi.

Unapoandika maoni

Usiandike "mfumo wa maji uboreshwe." Utajibiwa kwa barua inayosema umeboreshwa. Andika: "Kati ya chemba 4 na 5 mteremko ni milimita 20 kwa mita 24, rekebisheni ufike asilimia 0.5 au onesheni njia nyingine." Kila maoni yawe na namba ya karatasi, mahali, na kipimo unachokitaka.

Karatasi zikirudi, usitazame zile zilizobadilishwa peke yake. Bomba likishushwa sentimita 10 chemba ya tano, chemba ya sita, ya saba na mdomo wa kutokea lazima navyo vishuke; angalia kama vimeshuka au vimebaki juu. Weka karatasi mpya juu ya ya zamani dirishani, uangalie ni namba zipi zilizosogea. Ukikuta mshale umeongezwa unene na namba ni zilezile, rudisha faili na nakala ya maoni yako ya mwanzo, bila kuongeza neno.